Risala ya Walezi Kuhusu Agizo la Jumatatu

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa Malezi ya Watoto Wadogo; msimamizi wetu wa kituo; wazazi mliopewa ruhusa kazini na ninyi mliojipa wenyewe;

Sisi walezi wa kituo hiki tunakukaribisha kwa mikono miwili, ingawa kwa kawaida mkono mmoja huwa umebeba mtoto. Kiti ulichokalia ndicho pekee cha mtu mzima tulicho nacho. Vingine vyote vinatufika magotini.

TULIKOTOKA

Kituo kilianza miaka tisa iliyopita kwa chumba kimoja na walezi wawili. Leo tuna vyumba vitatu kwenye korido moja: Watambaao, Watembeao, na mwisho kabisa Wasemaji, ambao huuliza "kwa nini" mpaka mlezi anaanza kujiuliza mwenyewe.

Mmoja wa wale wawili wa mwanzo ni Dada Polepole. Jina hilo alipewa na wazazi, maana hajawahi kumharakisha mtoto kula, kulala wala kuvaa kiatu. Mzazi anayechelewa kazini humwona ni adhabu. Watoto hawajawahi kulalamika.

MAFANIKIO

Mwaka huu aliletwa Watambaao, chumba cha Dada Polepole, binti wa miezi tisa tuliyemwita Kamanda, kwa jinsi alivyoamuru kwa kidole. Wiki mbili za kwanza alimganda Dada Polepole kama kupe. Wiki ya tatu alitambaa kidogo, akageuka kuhakikisha Dada yupo, akaendelea. Mwezi wa pili ulipokwisha alikuwa ameshapekua kabati zote na kumwaga unga wa uji mara mbili. Hayo tunayahesabu kuwa mafanikio.

CHANGAMOTO

Ndipo likaja agizo kutoka ofisini kwako: kila Jumatatu walezi wabadilishane vyumba, ili watoto wasizoee mtu mmoja, wajifunze kujitegemea. Nia ilikuwa njema, nasi tukatii. Dada Polepole akapelekwa Wasemaji.

Kamanda hakulia, na hilo ndilo lililotutia hofu. Alikaa karibu na mlango, mgongo ukutani, siku nne nzima, asiguse kabati hata moja. Unga wa uji ukawa salama, na hakuna aliyefurahi.

Siku ya tano akafika yule binti mtaalamu uliyemtuma na daftari lake kupima fikra za watoto. Alimwonyesha Kamanda kijiko kinachong'aa, kisha akakifunika kwa kitambaa. Kamanda akakitazama kitambaa, akautazama mlango, basi. Mtaalamu akarudia mara tatu, halafu akaandika kwamba mtoto huyu hajatambua kuwa kitu kikifichwa bado kipo.

Wino haujakauka, Dada Polepole akakohoa kule mwisho wa korido. Kikohozi tu, tena cha mafua. Kamanda akatoka mlangoni kwa mikono na magoti, akawapita Watembeao, akaikwepa ndoo ya kupigia deki, mtaalamu nyuma yake naye kwa magoti ili asimshtue, mpaka Wasemaji. Akaishika sketi ya Dada Polepole, akaegemeza kichwa. Baada ya kama dakika mbili akaiachia, akaenda zake kufungua kabati.

Mtaalamu akabaki palepale sakafuni. "Sasa Dada, hapa niandike nini?"

Dada Polepole alifikiri kwa muda wake.

"Andika kwamba hana shida na kijiko."

Mtaalamu alicheka, akaufuta ule mstari. Alitueleza kisomi kwamba mtoto huthubutu kwenda mbali akiwa anaye wa kumrudia. Akimkosa, huganda mlangoni. Hilo sisi tulilijua miaka tisa, ila hatukujua kwamba limeandikiwa vitabu.

Mgeni rasmi, aya inayofuata tuliipigia kura kama isomwe au isisomwe. Ilipita kwa kura moja.

Jumatatu iliyofuata hatukuendelea kubadilishana vyumba. Tulibadilishana vibao vya milangoni. Dada Polepole alirudi kwa watoto wake, na juu ya mlango wao wa Watambaao pakaandikwa Wasemaji. Agizo likawa limetimia kwa maandishi. Wazo lilikuwa lake. Tulipomuuliza tutasema nini siku ya ukaguzi, alijibu kwamba tutasema kweli, maana kuna watoto wanatusikiliza. Ndiyo tunaisema leo. Kama ipo adhabu, isimwangukie peke yake. Bisibisi tuliishika sote.

MAOMBI

Tunalo bomba linalovuja na paa la uani, lakini leo tumeyaweka kando. Tunaomba kila mtoto awe na mlezi wake mmoja, tangu anatambaa mpaka aanze kumchosha kwa maswali.

Na kama ombi hilo litakupendeza, tunaomba pia ruhusa ya kurudisha vibao leo hii. Wasemaji wameanza kujua kusoma. Juzi mmoja wao alisimama chini ya mlango, akasoma herufi kwa herufi, akatugeukia walezi wote watatu, akauliza "kwa nini".

Mungu akujalie sikio la kusikia na magoti yenye nguvu, maana tukitoka hapa tunakupeleka kwa Kamanda, na huko wageni wote hupokelewa sakafuni.

Ni sisi,
Walezi wa Vyumba Vitatu