Mwalimu Zadock Gitonga, Msomi wa Neno la Ua (1961–2025)

"Kwa hivyo nikifa mtanipakia kwenye ndege kama parachichi lililokataliwa Ulaya?"

Hilo ndilo swali alilouliza marehemu Mwalimu Zadock Gitonga Ndirangu, nyumbani kwake Coon Rapids, Minnesota, siku ya Krismasi mwaka 2023, na kwa kuwa aliyeuliza alikuwa mzima wa afya na ana mfupa wa mbuzi mkononi, watu walicheka, mmoja akaomba asogezewe kachumbari, na hakuna aliyemjibu. Wengi wenu mlikuwepo. Wiki hii, katika maombi ya jioni, swali hilo limejibiwa kwa wingi na watu ambao hawakuulizwa, wengine wakisema marehemu alipotelea Marekani, wengine wakisema ni mjane wake, Mama Keziah, aliyekataa mwili usafirishwe, na kwa hiyo familia imeona historia hii isomwe polepole, yote, ili kila mmoja ajue ni nani aliyeamua azikwe Minnesota, na kwa nini.

Mwalimu Gitonga alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, Mukurwe-ini, Nyeri, akiwa kitinda mimba wa marehemu Mzee Ndirangu na marehemu Mama Wairimu, baada ya kaka yake Wanjohi, ambaye amesafiri na yuko nasi katika kiti cha mbele, na dada yake Nyambura, ambaye alinyimwa viza na anatufuata kwa simu. Wakubwa hao wawili walizaliwa ndani ya kijiji cha Hali ya Hatari ya mkoloni, kile cha kuzungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha na askari langoni, na mama yao hakuchoka kuwaambia kwamba ua ule haukuwekwa kumzuia fisi, uliwekwa kumzuia yeye. Gitonga ndiye wa kwanza kuzaliwa nje yake. Baba yao alipopata kipande chake cha ardhi alipanda ua kabla hajachimba msingi wa nyumba, majirani wakamcheka kwamba anafungia hewa, naye akawajibu kwamba safari hii ufunguo anao yeye.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1967, akaendelea na sekondari mjini Nyeri, kisha mwaka 1981 akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi, alikochagua Kijerumani, uchaguzi uliomfanya baba yake aulize kama kuna Mjerumani yeyote Mukurwe-ini aliyepotea njia. Ni katika darasa hilo alipojifunza neno la Kijerumani la ua, Zaun, na mwalimu wake akataja kama jambo la kupita kwamba neno hilo na town ya Waingereza ni ndugu wa tumbo moja. Wenzake waliandika, wakafunga madaftari, wakaenda kula. Yeye alibaki amekaa. Mtu aliyelelewa na mama wa kule handakini hawezi kuambiwa kwamba mji na ua ni kitu kimoja halafu akaenda kula.

Alifundisha Kijerumani katika shule za sekondari za Nyeri na Thika tangu 1985 hadi 1995, na tarehe 19 Agosti mwaka huo akafika Minneapolis kwa masomo ya juu, ambako kwa miaka saba alilifuata neno hilo moja, kwa umbo lake la kale tun, herufi tatu tu, katika lugha zote za ukoo wa Kijerumani. Tuseme ukweli, hapa ndipo dharau zilipoanzia. Watu wa kwetu walimwita Profesa wa Herufi Tatu, kwenye harusi wakimuuliza kama amefika herufi ya pili. Basi wasikilize alichokipata. Zamani sana neno hilo lilikuwa ua na kilichomo ndani ya ua. Mjerumani akabaki na ua wenyewe. Mholanzi akaingia ndani ya ua akakuta maua na mboga, akaita bustani. Mnorwe akasimama katikati ya nyumba zake za shambani, pale kuku wanapopishana na wageni, akaita uwanja huo tun. Wa Aislandi akaliita hivyo hivyo konde la nyasi lililo karibu na nyumba, lile linalotiwa samadi, na Mwingereza akaanza na ua wa mkulima mmoja, akaongeza nyumba, akaongeza kanisa, akaongeza soko, mpaka ua ukawa mji. Wakenya waliomsikia hawakushangaa hata kidogo, kwa sababu sisi tunaposema boma tunaweza kumaanisha miiba ya kuzuia ng'ombe, au watu wa nyumba moja, au ofisi ya mkuu wa wilaya, na hatuhitaji shahada kulijua hilo. Alichoongeza yeye, na alikisema kila mwaka mbele ya kila darasa, ni kwamba ua haujui kazi yake mpaka uulizwe nani ameachwa nje.

Alipata shahada ya uzamivu Mei 2002, na tangu 2003 hadi alipostaafu Juni 2023 alifundisha Kijerumani katika shule moja ya sekondari mjini Saint Paul, na wapo hapa watoto wa Kihmong, wale wa asili ya Laos, na wa Kisomali wanaoweza kumkemea mtu kwa Kijerumani safi kwa sababu yake.

Tarehe 12 Disemba 1992 alifunga ndoa na Bi. Keziah, muuguzi, katika kanisa la Mukurwe-ini, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Wairimu, aliyezaliwa Thika mwaka 1994, ambaye naye ni muuguzi, na Lynette, aliyezaliwa Minneapolis mwaka 2004, mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye familia imempa kazi ya kusoma historia hii ikijua vizuri kwamba hana sauti ya chini.

Mwaka 2006 walinunua nyumba Coon Rapids, na Mwalimu akafanya lile kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya, yaani kabla hajanunua hata pazia alipanda mierezi midogo kuzunguka uwanja wote, mbele na nyuma, katika mtaa ambao nyasi za mtu zinaingia kwenye nyasi za jirani bila kizuizi. Jirani yake, Mzee Arvid, hakusema neno. Watu wa Minnesota hawasemi, wanaacha kupunga mkono. Majira mawili ya baridi yalipita bila mkono kupungwa, mpaka Mama Keziah akamwambia, "Baba Wairimu, huyu mzee anadhani umemfungia nje, na mimi nikiutazama huu ua nadhani hivyo hivyo." Mwalimu alichukua msumeno siku hiyo hiyo, akakata mierezi mitatu upande wa jirani, akapita kwenye pengo akiwa bado na msumeno, jambo lililomtia mzee hofu ya haki, akamweleza habari za tun. Mzee Arvid akasikiliza yote, kisha akasema kwamba kwenye tun ya bibi yake kule Norwe ndama alikuwa anaingia hadi jikoni, kwa hiyo anatumaini Mwalimu hafugi. Pengo lile halijazibwa hadi leo.

Ugonjwa ulianza Februari 2024, saratani ya kongosho, na alipokea matibabu kwa zaidi ya mwaka na nusu bila kupoteza utani wala hamu ya kubishana. Tarehe 20 Julai mwaka huu, akiwa na akili timamu, alimpigia simu kaka yake, spika ya simu ikiwa wazi, nyumba nzima ikisikia, akamwambia kwamba azikwe Minnesota. Baba mkubwa Wanjohi alilia. Alisema, "Gitonga, nimekilinda kipande chako cha shamba la baba miaka thelathini, nikakata ua wake kila msimu, nilikuwa namkatia nani?" Uchungu huo ni wa haki, na familia haiudharau. Lakini jibu la marehemu ndilo lililoachwa nje ya maombi ya jioni. Alisema kwamba kwetu kaburi hufunga shamba, mtu akishalala pale ardhi ni yake na ya wanawe milele, na kwenye kipande kile analima dada yao Nyambura, aliyerudi kutoka kwenye ndoa mwaka 1998, akapewa jembe na hakupewa mahali pa kujenga, kwa kuwa ni binti. Alisema, "Nikija kulala pale, kaka, nitakuwa nimemwekea dada yetu handaki." Hakuwakimbia. Alimpisha.

Aliaga dunia tarehe 9 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini Saint Paul, mke na mabinti wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumwacha aimbe wodini, walimu wenzake na wanafunzi wake wa Saint Paul, ushirika wa kanisa kwa chai na maombi, pamoja na yale maneno ambayo leo tumeyasahihisha, na Mzee Arvid, aliyezoa theluji ya mlangoni kwetu miaka yote ya ugonjwa kabla hatujaamka. Shangazi Nyambura, pole sana, tunajua unasikia.

Baba, lala kwa amani katika ardhi uliyoichagua mwenyewe.

Na wewe, Baba mkubwa Wanjohi, umesafiri mbali kumzika ndugu yako, tunakushukuru, na mbele ya watu hawa tunakuomba jambo moja: ukifika nyumbani, mruhusu shangazi ajenge.