Wimbo wa Tisa Hauna Mwenyewe

Ukitaka habari za Kamembe usihangaike na gazeti. Nenda gare, stendi ya mabasi, pita mabasi ya Kigali, pita wauza vocha, mpaka kona ambapo Maman Antoinette ameweka thermos zake mbili za kahawa. Hapo kuna benchi la mkaratusi lililolazwa juu ya betri mbili za lori zilizokufa zamani, na juu ya benchi hilo hakuna tatizo la dunia hii lililokosa jibu, isipokuwa moja. Hilo moja lilikuwa chini ya benchi tangu wiki iliyopita, ndani ya kidumu cha njano: urwagwa, pombe ya ndizi, iliyonunuliwa kwa heshima zote na ikakosa wa kuinywa. Aliyekaa karibu nacho kuliko wote, visigino vyake vikigusa kidumu, alikuwa Muhigirwa, fundi wa radio na mpiga gitaa wa Radi Kavu. Benchi zima lilimwita Kimya, na kwa kweli hawakumwonea.

Radi Kavu ndiyo bendi pekee pande hizi za ziwa Kivu iliyopiga rock nzito tangu mwaka themanini na saba, gitaa likilia kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni, ngoma zikianguka kama bati. Wazee wenyewe sasa wana wajukuu. Mwaka huu waliamua kurekodi nyimbo za watu wengine, disque nzima, yaani albamu, na walimwengu hawakukosa la kusema: wazee wameishiwa, wameanza kula sahani za jirani. Aliyewafunga midomo ni Cubaka, mwimbaji, mtu wa Bukavu, ng'ambo ya Congo, anayevuka mpaka kila asubuhi na ambaye kwa sauti yake wanamwita Bafle, yaani spika. Cubaka alisema wimbo ni binti wa nyumba ya watu. Humtoi kwa dirisha. Unakwenda kumwomba.

Na kweli walikwenda kuomba. Kila wimbo uliombwa kama anavyoombwa mchumba: kidumu cha urwagwa, suti, msemaji wa kusimama mbele, na wenye nyumba wakikataa kwanza kama mila inavyotaka, wakijifanya hawajui binti gani anatafutwa. Mjane wa mwalimu wa kwaya aliwaweka kwenye viti mpaka alasiri kabla ya kuwapa wimbo wa marehemu, na siku aliposikia walivyoupiga, alivua viatu akacheza. Wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa hili, walitaka vidumu viwili, wakapewa. Nyimbo nane, nyumba nane, baraka nane.

Wa tisa ndio uliokosa nyumba. Na wa tisa ndio wenyewe, ule wanaofungia kila sherehe, unaofanya hata mapadri wagonge meza. Watu wote walijua ni wa Kiingereza. Kimya ndiye aliyewaletea zamani zile, kutoka kaseti aliyosema ameachiwa na mzungu mpita njia, kaseti ambayo baadaye ikaliwa na mashine. Sasa studio ilikuwa imetoa neno: saa sita mchana kazi yote inatumwa, na wimbo usioandikwa jina la mwenyewe unaondolewa.

Ilikuwa saa tatu na nusu.

— Mimi nawaambia huyu mungereza iko mu prizo, bamemufunga, Valens akaanza.

Valens ni dereva wa moto, pikipiki ya abiria. Wanamwita Profesa kwa sababu alisoma chuo mwaka mmoja, na mpaka leo hajasema alisoma nini. Kofia yake ilikuwa juu ya goti.

— Prizo juu ya nini? akauliza Cubaka.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alivunjika guu, bakamukamata kwa sababu hawezi kukimbia. Njo maana hapana kuja kudai mwimbo yake.

Maman Antoinette alimwongezea kahawa bila kuombwa, labda apoe. Alimwuliza mguu na wimbo vinahusiana wapi, na Valens akamjibu kwamba haba na haba hujaza kibaba, jibu ambalo hakuna aliyejua pa kulishika.

Cubaka yeye hakukubali prizo. Alisema anamjua yule Mwingereza kwa moyo. Miaka thelathini na sita amekuwa akiuimba, na kila akifumba macho anaiona London: mvua, treni, mwanaume mwenye nywele ndefu amesimama peke yake akilia juu ya mwanamke aliyemwacha.

— Ule muntu aliteseka, akasema Cubaka. Sijue neno hata moja, lakini mateso najua.

Muhigirwa alitazama kikombe chake. Yeye nyumba ya wimbo ule aliijua, mlango wake na funguo zake. Ilikuwa nyumba yake.

Aliutunga akiwa na miaka ishirini na minne, amekaa karibu na daraja la zamani la Rusizi, lile la mbao, akimngoja mama yake avuke na mzigo wa maharage. Siku ya mazoezi aliwasomea wenzake maneno yake, kwa Kiswahili hiki hiki cha kwetu, gitaa likiwa bado limelala. Hakufika mstari wa tatu. Walicheka mpaka mpiga ngoma akashuka kwenye kiti. Na aliyecheka zaidi ni Cubaka: rock inatoka Ulaya, weye unatuletea maharagi? Basi wiki iliyofuata Muhigirwa akarudi na wimbo ule ule, safari hii akaupiga, na mahali pa maneno akaweka milio aliyojibunia mwenyewe, wii na yeah na vitu vya katikati. Akasema ni Kiingereza. Wote walikuwa wamesoma Kifaransa, nani angemkamata? Walipiga makofi. Alisema moyoni, Jumapili nitawaambia. Jumapili ikapita. Ikaja miaka ile mibaya, watu wakatawanyika, na walipokutana tena, wazima wachache, huo ndio wimbo wa kwanza waliopiga, na Cubaka akalia katikati yake mbele ya watu. Unamwambiaje mtu kama huyo kwamba anachokililia umekifinyanga wewe? Muhigirwa alishindwa, na kadiri miaka ilivyopita uongo ule ukawa mzito kuliko gitaa.

— Hapana muntu, Valens akaendelea, sauti yake imeshuka kama ya mtu anayetoa siri ya serikali. Nimefikiri muzuri. Hakuna muntu aliandika ile mwimbo.

— Aliandika nani sasa?

— Kivu. Maji ya Kivu iko na gaz chini, bote munajua. Bazungu balikuja kupima, bakashusha tiyo, bomba murefu. Gaz ikapanda mu tiyo, ikaimba. Beye bakarekodi, bakaweka ku kaseti, bakasema ni yao. Mwimbo iko ya ziwa.

— Basi tupeleke kidumu ku ziwa, akasema Cubaka kwa hasira. Tukamwagie samaki urwagwa.

— Maji yakimwagika hayazoleki, akasema Valens, na akanywa kahawa yake kwa ushindi.

Maman Antoinette alikuwa anafuta vikombe. Alisema, bila kumwelekea mtu, kwamba yeye wimbo ule haumpeleki London. Unampeleka darajani. Alivuka daraja lile la mbao na mizigo kichwani tangu msichana, na kila wakiupiga, miguu yake inaanza kutembea yenyewe chini ya meza. Wengine hawakumsikiliza. Muhigirwa alimsikiliza, akakiweka kikombe chini.

Ndipo ikafika moto nyingine, na juu yake msichana mwenye ecouteurs za kusikilizia shingoni. Ni Larissa, fundi wa sauti wa studio, ambaye wazee walikuwa wakimwogopa kidogo kwa sababu anasikia kila kosa. Alisalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili, akakataa kahawa, akatoa simu.

— Mwenyewe amepatikana, ba mzee?

Wakamweleza prizo. Wakamweleza ziwa. Larissa alisikiliza yote kwa adabu.

— Sawa. Basi munipe hata luga. Kuna fasi ya kuandika luga ya mwimbo.

— Kingereza, akasema Cubaka.

— Papa Cubaka, mimi nimesoma Kingereza tangu primaire. Ile mwimbo nimesikiliza mara makumi mbili, neno kwa neno. Haiko Kingereza. Nimetafuta kama iko Kijerumani, haiko. Ile ni luga gani?

Ah, hapo sasa. Benchi lile limewahi kujibu kwa nini mwezi haudondoki na nani alimshauri nyoka. Lakini swali hilo lilikaa pale na likabaki limekaa. Wote wakamgeukia Valens, na Valens, kwa mara ya kwanza tangu benchi liwe benchi, akavaa kofia yake ya moto na kushusha kioo.

Larissa alingoja kiasi cha heshima. Kisha akasema kwa huruma kwamba basi hana la kufanya, disque itakuwa na nyimbo nane, naye anautoa wa tisa sasa hivi. Kidole chake kikasogea kwenye simu.

— Usiitoe.

Wengine walitafuta nani amesema, kwa jinsi sauti ile ilivyokuwa ngeni pale.

— Haiko luga, akasema Muhigirwa. Nilijibunia. Hakuna mungereza, hakuna kaseti. Mwimbo ni yangu. Niliwaficha kwa sababu mulinicheka.

Akaeleza yote, tangu daraja mpaka Jumapili zile zilizopita, kwa maneno machache, macho yake kwenye kidumu. Alipomaliza, Cubaka aliinuka akaenda kusimama ukingoni mwa barabara, mgongo kwa wenzake. Mabasi mawili yalipita mbele yake. Muhigirwa aliona mabega ya rafiki yake na akajua kwamba hapo hapo amepoteza bendi, wimbo na mtu.

— Miaka makumi tatu na sita, akasema Cubaka bila kugeuka, nimeimba ya bure?

— Haikuwa ya bure. Ulikuwa unalia juu ya mama yangu. Hukujua tu.

Cubaka alipangusa uso kwa mkono, bado akitazama barabara.

— Maneno ya kweli unayo bado?

Muhigirwa alianza kugonga ubao wa benchi kwa vifundo vya vidole, polepole, ubao ukilia gu-du, gu-du-du, kisha akayasema maneno, hakuyaimba:

— Mama anavuka na maharagi ku kichwa,
mbao ya daraja inamuita jina.
Huku banamuuliza unatoka wapi,
kule banamuuliza unaenda wapi,
naye anajibu: niko nafika.

Maman Antoinette alikuwa ameketi. Alifunika uso kwa kitenge chake, akasema tu kutoka ndani ya kitenge kwamba yeye alisema daraja, na hawakumsikia.

Cubaka akageuka. Alikuja mpaka benchini, akavua kepi yake, akafunga kifungo cha koti. Aliinama, akakivuta kidumu kutoka nyuma ya visigino vya Muhigirwa, akakiweka katikati yao mbele ya watu wa gare waliokuwa wameanza kusogea. Akasimama wima, mikono mbele, kama alivyosimama kwenye nyumba zile nane.

— Mzee Muhigirwa. Tumetembea sana kufika hapa. Tumesikia mu nyumba yako kuna binti.

Muhigirwa alimtazama. Midomo ilimcheza. Lakini mila ni mila, akajikaza.

— Mabinti ni wengi. Munatafuta yupi?

— Ule anayevuka daraja.

— Na nani aliwaonyesha njia ya kwangu?

— Hakuna, akasema Cubaka, na hapa sauti ile kubwa ilikatika. Tulipita zamani tukiwa vijana. Tulimucheka ku mulango. Hiyo aibu tumekuja nayo, iko pamoja na kidumu. Tunaomba upokee byote bibili.

Watu walingoja. Hata wauza vocha waliacha kuita. Muhigirwa aliwangojesha kama baba yeyote mwenye haki yake, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi bila yeye kuyafuta.

— Mumeishi naye miaka makumi tatu na sita bila kuniuliza, akasema. Njo sasa munakuja na suti?

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mpaka sokoni. Muhigirwa alingoja kiishe.

— Nimemutoa. Lakini atoke kwangu na jina yake.

— Jina ni nani? akauliza Larissa, kidole tayari.

— Niko Nafika. Na hapo chini uandike: Muhigirwa. Luga, Kiswahili.

Larissa alitazama saa. Gitaa na ngoma vilikuwa vimerekodiwa tayari, ilibaki sauti. Cubaka alipanda moto ya Valens bila kuuliza, akiyarudia maneno kwa midomo kama mtoto wa katekisimu, na Larissa akawafuata. Walitaka Muhigirwa aende nao. Alikataa, baba wa bibi harusi hasindikizi. Kahawa ilikuwa imeisha, kwa hiyo Maman Antoinette alifungua kidumu na kumimina urwagwa kwenye vikombe vya kahawa, kikombe cha kwanza kwa mwenye binti.

Saa sita kasoro robo Valens alirudi akipiga honi toka mbali. Alikuwa na wimbo kwenye simu yake, nakala ya ule uliokwisha kutumwa. Akaiunganisha na spika kubwa ya muuza vocha, akaufungulia. Gitaa likaanza, ngoma zikagonga kama mbao za daraja, na sauti ya Cubaka ikaingia, ile ile ya siku zote, ila sasa kila mtu gare alijua inasema nini. Makondakta waliacha abiria. Madereva wa moto wakapiga honi kwa mapigo. Wanawake waliokuwa wanashuka mpakani na mabeseni kichwani walianza kwenda kwa hatua moja, bila kupatana.

Mmoja wao alisimama mbele ya benchi, mkono mmoja kwenye beseni.

— Bandugu, ile mwimbo ni ya nani?

Benchi zima likafungua mdomo, Valens akiwa na maelezo marefu tayari. Lakini Kimya aliwatangulia wote, na alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mabasi ya Kigali:

— Ni yangu.