Kelestini Barnaba Lihawa na Valvu za Mwisho

Ndugu waombolezaji, aliyenieleza kwanza habari za ujana wa baba mkwe wangu ni mke wake, mama Balbina, mwaka 2021 nilipoolewa katika nyumba hii ya Lipangalala, na mengine nimeyatoa kwenye daftari la marehemu, ambalo kwa miaka minne nimemwandikia mimi kwa kuwa macho yake yalipungua nguvu, ndiyo maana ukoo umenipa kusoma, nami naomba mnivumilie sauti yangu ikipotea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1953 huko Masagati, mtoto wa tatu wa mzee Barnaba na mama Katarina, akasoma shule ya msingi hadi darasa la saba mwaka 1969, na mwaka 1972 akapata kibarua cha reli Mlimba, ambako fundi mmoja wa redio alimfundisha kulehemu. Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa fundi umeme katika mashamba ya miwa Kidatu, akatumika hapo hadi alipostaafu mapema tarehe 30 Juni 1998. Tarehe 20 Oktoba 1979 alifunga ndoa na mama Balbina, wakajaliwa watoto wanne, wa mwisho akiwa mume wangu, Beatus.

Alipostaafu aliomba apewe amplifaya ya zamani iliyokuwa imetupwa stoo, ile inayotumia valvu, yaani taa za kioo zinazowaka ndani kwa wekundu, na tangu hapo hakuiacha. Alibadili kitu kimoja tu kwa wakati, akapiga kanda ileile ya kwaya ya kigango, ambamo Mama anaimba, akasikiliza akiwa amefumba macho, ndipo nikaandika, "Kapasita ya njano imetolewa, besi imekauka," au, "Valvu ya kushoto imehamia kulia, sauti ya tatu imesogea mbele." Mama alikuwa akimtania, "Baba Beatus, hiyo sauti ya kwenye boksi ina nini, na mimi mwenyewe niko hapa jikoni?" naye alimjibu kwamba anataka asikie pale mama anapovuta pumzi kabla ya kuanza ubeti, kwa sababu siku ya kurekodi, mwaka 1988, alikuwa amesimama karibu naye na aliisikia.

Umeme wa ndani ya boksi lile ni mkali kuliko wa ukutani, kwa hiyo aliweka sharti, kwamba kabla hajaingiza mkono, mtu mmoja asimame penye swichi ya ukutani, aizime, ashike hapohapo, na aseme kwa sauti, "Imezimwa, Baba." Mtu huyo nilikuwa mimi, na kila mara niliogopa.

Mahali hapa husomwa ugonjwa, lakini marehemu hakuugua. Nawashukuru sasa madaktari na wauguzi waliompokea, majirani waliolala nasi msibani, jumuiya yetu na wenzake wa Kidatu, kwa sababu nikishasoma yanayofuata huenda nisiweze tena kushukuru.

Ijumaa tarehe 7 Machi 2025, fundi Mabula wa Mngeta, rafiki yake wa miaka mingi, alimletea valvu mbili, akarudi kwake. Jumamosi saa tatu asubuhi umeme ulikatika mji mzima, Baba akasema tutumie nafasi hiyo kuzifunga, nami nikasimama kwenye swichi, lakini mwanangu akaanza kulia jikoni, nikamkimbilia. Baba akauliza, "Imezimwa, mwanangu?" nami nikajibu kwa mazoea, "Imezimwa, Baba," ilhali sikuigusa, nikiwaza kwamba umeme haupo. Saa tano na dakika kumi umeme ulirudi. Nilisikia kiti kikianguka.

Jana Jumapili Mabula alikuja kwa ajili ya mazishi ya leo, na ninyi mnayajua yaliyosemwa hapa uani, "Taa zimekuja Ijumaa, mtu kafa Jumamosi, mnataka ushahidi gani tena?" na mwingine akasema Mabula akionekana makaburini atafukiwa pamoja na marehemu, hadi mgeni wetu akaondoka akikimbia, kiatu kimoja kikabaki getini. Nilikuwa nagawa uji, nikanyamaza, kwa kuwa niliogopa kurudishwa kwetu na mwanangu kubaki hapa.

Leo asubuhi niliamka kabla ya wote, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikamwambia, "Shikamoo Mama, swichi ni mimi niliyeiacha bila kuizima, tena nikamdanganya Baba kwamba nimeizima." Nilikuwa natazama miguu yake aliposema, "Kasome hivyohivyo, usipunguze neno. Na yule baba wa watu kamlete." Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda nyumba ya wageni alikolala, karibu na stendi, nikagonga, Mabula akauliza kutoka ndani tuko wangapi, nikamwambia niko na mtoto tu. Ndiye huyu aliyeketi kando ya Mama, kwenye benchi la familia, na mwenye neno naye aanze na mimi.

Baba, nisamehe. Mungu akulaze mahali pema, upumzike.