Bi Tatu-Tano na Asubuhi Maji Yalipopigwa Shoku

Miaka ishirini na sita na miezi minne. Kwa muda huo hoteli yetu imebadilisha mameneja tisa na mazulia mara tano, lakini anayepima maji ya moto nyuma ya chumba cha masaji amebaki yuleyule. Ijumaa, tarehe 29 mwezi huu, saa tisa alasiri, anakabidhi ufunguo wa stoo ya dawa na kustaafu. Nimeombwa niandike mimi, fundi bomba, mnayeniita Mjomba, kwa kuwa hapa hakuna anayenishinda kusimulia. Hilo halina ubishi.

Alianzia kwenye dobi, akifua mashuka kwa mkono. Mwaka wake wa pili likaletwa lile bafu la duara lenye mapovu, la kukaa watu sita, ambalo sisi tuliliita Sufuria tangu siku ya kwanza. Meneja akauliza nani ataweza kufuata maelekezo ya kwenye kopo la dawa. Wenye vyeti wakatazamana. Yeye akanyoosha mkono ungali na povu la sabuni.

Dawa yenyewe ni bromini, inayoua vijidudu majini. Kila asubuhi alikariri, kama mtu anayesoma dua: isipungue tatu, isizidi tano. Jina likamganda, Bi Tatu-Tano. Wageni walidhani anafanya kazi kuanzia saa tatu mpaka saa tano, na mmoja aliwahi kuuliza nafasi kama hiyo inaombwa wapi.

Kazi yake ilikuwa na adabu zake. Anachovya karatasi ya kupimia, anahesabu mpaka kumi na tano, na hapo usimsemeshe hata kama nyumba inaungua. Kisha anailinganisha na rangi za kwenye kichupa. Anatazama uchachu wa maji, anajaza vidonge kwenye kile kikopo kinachoelea, tunachokiita Bata. Siku moja karatasi ilidondokea kwenye chai ya mpishi. Akaisoma na kumpa mpishi ushauri. Mtunza bwawa kubwa alipotaka kumwazimisha vidonge vya klorini avichanganye na bromini ndani ya Bata, alimtoa mbio kwa ufagio mpaka getini. Hao ni wake wenza, alimwambia, ukiwalaza chumba kimoja watalipuana.

Sasa, ile hadithi yangu ya jinsi nilivyoiokoa hoteli isiungue kwa umeme, mnaijua. Nimeisimulia kantini miaka kumi na minane, na kila mwaka cheche zake zimerefuka. Leo, kwa heshima ya huyu mama, nitaisimulia kama ilivyokuwa.

Jana yake timu ya mpira iliingia kwenye Sufuria, wachezaji kumi na mmoja na kocha wao, wote wamejipaka mafuta ya kuchua. Kulipokucha, maji yalikuwa kama yameoshewa mchele. Na saa nne bwana afya alikuwa anakuja kukagua. Meneja alikwishaapa: tukifeli, Sufuria inajazwa udongo na kupandwa maua. Kule dobi walikwishanunua mashine. Bi Tatu-Tano hakuwa na pa kurudi.

Saa kumi na mbili asubuhi akapima unga wa kushtulia maji, ule unaoiamsha bromini iliyochoka kula jasho la watu, akaumwaga, akaacha kifuniko wazi na pampu ikizunguka. Akanikuta kwenye korido. Mjomba, akasema, mtu asiingie kule, maji nimeyapiga shoku.

Mimi na elimu yangu, shoku nazijua mbili: ya gari na ya umeme. Gari halikuwepo. Nikatoka mbio, na mbio zangu za wakati ule swala angeniomba njia, nikazima swichi kuu ya hoteli nzima. Lifti ikasimama, meneja akiwa ndani. Na pampu ikasimama. Nikasimama nayo ile swichi, ufagio mkononi, nikimkatalia kila aliyetaka kuiwasha.

Bi Tatu-Tano akachukua mwiko mpya mrefu wa jikoni, akakoroga Sufuria kwa mikono yake dakika arobaini, mpaka alipojua umeme uko kwa nani. Hakupiga kelele. Alisema tu: Mjomba, nimeyashtua maji, sikukutuma uishtue hoteli. Nikaiwasha swichi, pampu ikazunguka na meneja akatoka kwenye lifti.

Saa nne bwana afya akafika. Maji yalikuwa yamekwisha kung'aa, ila karatasi ilisoma kumi. Meneja akamnong'oneza Bi Tatu-Tano aandike nne yaishe. Akaandika kumi. Akamwambia bwana afya kwamba bromini imeamka na hasira, bora anywe chai kwanza. Akanywa vikombe viwili. Saa tano, karatasi ikasoma saba. Saa sita kasorobo, nne.

Bwana afya akasema kila anakokwenda huonyeshwa nne kabla hajakaa. Hii ndiyo ya kwanza kuisubiri mpaka izaliwe. Akasaini. Tangu siku hiyo kila mwezi huleta magoti yake hapa kuyaloweka kwenye Sufuria, na hulipa.

Meneja alipouliza kuhusu umeme, Bi Tatu-Tano alijibu kuwa ulikatika. Kweli ulikatika. Kwamba niliukata bure, hakuulizwa, na hakusema mpaka leo ninaposema mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa mikononi mwake, na hakunikumbusha hata siku moja.

Ufunguo wa stoo ameniachia mimi. Jumatatu alinifanyisha mtihani. Nikachovya, nikahesabu kumi na tano, nikasema tatu. Akaichukua karatasi, akasema: Ni nne, Mjomba. Mara ya kwanza maishani mwangu nimetaja kitu kikawa kidogo kuliko kilivyo.

Bi Tatu-Tano, bromini ikichoka hupigwa shoku ikarudi kazini. Wewe pumzika, hakuna atakayekushtua. Ahsante kwa maji safi, na ahsante kwa mkate wangu wa miaka kumi na minane. Maisha yako na yawe ya moto wa kadiri, yasipungue tatu, yasizidi tano. Nami naahidi mbele ya wafanyakazi wote: swichi kuu sitaigusa.