Bi Winifred, Ndege wa Kuazimwa

Marehemu Bi Winifred, ndege ya mabomu ya injini nne, alizaliwa kiwandani Manchester tarehe 9 Aprili 1943, kwa uzito wa kumkimbiza mkunga yeyote. Masomo hayakumchelewesha: alirushwa mara mbili kwa majaribio akafaulu, jambo ambalo wengi wetu hapa kwenye kituo cha ndege za vita cha Scarby hatuwezi kujivunia.

Mwezi uliofuata alianza kazi ya kupeleka mabomu Ujerumani usiku. Haikuwa kazi ya huruma, na leo hatuipaki sukari. Waliokuwa chini nao wana watu wa kuwalilia.

Ajali zilimwandama. Juni breki zilimgomea akaingia shamba la viazi sukari la Bwana Sowerby, aliyetokea na uma wa samadi mkononi kana kwamba angemfukuza kama ng'ombe. Oktoba risasi zilimtoboa bawa la kushoto. Januari gurudumu la mkia lilipasuka akitua.

Hakufunga ndoa, ila kama alikuwa na mume, basi ni Sajini Enoch Thackray, fundi wake. Kwetu ndege ni ya fundi. Rubani anaiazima tu. Kila jioni Enoch alimwonya Desmond Ollerenshaw, rubani wa miaka ishirini na miwili:

"Dogo, huyu ni wangu. Ukimkwaruza, nakukwaruza."

"Sawa, shemeji. Nitamrudisha kabla hujamaliza chai."

Tangu Februari injini ya tatu ilishikwa na kikohozi. Enoch aliifungua na kuifunga mpaka mikono ikapasuka kwa baridi, maana tarehe 18 Machi 1944 Desmond na wenzake sita walikuwa na safari ya thelathini. Wakirudi, wanapumzishwa vita. Jioni hiyo Enoch hakutania mtu. Aliligusa bawa, akaondoka.

Alfajiri ndege nyingine zote zilikuwa zimeshatua. Bi Winifred alitokea peke yake, injini mbili kimya, magurudumu yamegoma kushuka. Alitua kwa tumbo, akasota hadi majanini, mgongo ukakatika. Enoch, mwenye goti bovu, alilitangulia gari la zimamoto.

Desmond alitoka na damu usoni. "Nisamehe, shemeji. Nimemuua."

"Nani kakuuliza habari za ndege? Wenzako wako wapi?"

"Wanatoka. Wote."

Enoch aliwasubiri mlangoni. Kila aliyetoka alimshika mabega yote mawili, akamtikisa kidogo, kama anayejaribu boliti iliyokazwa. Alipomaliza wa saba ndipo akamgeukia marehemu, akavua kofia.

Bi Winifred ameacha vijana saba, wanaopanda treni Jumatatu kwenda kwa mama zao. Injini moja nzima, iliyokwisha kufungwa kwenye ndege ya jirani. Na mgane, Enoch, ambaye amepewa ndege mpya na hataki kumpa jina.

Bi Winifred, zima injini zote. Umefika, mama. Lala salama.