Mama Jeki na Sampu ya Mkwe Wake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Anayepika apunguze moto, anayefua aache povu litulie kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja, fundi wa magari, tuliyemzika wiki hii. Mtaa mzima ulimwita Mama Jeki, kwa ile jeki yake ya kuinulia magari. Hata asiyejua jina lake la kuzaliwa aliijua gereji yake, ile yenye geti la bluu, mkabala na kiwanda cha matofali.

Mama Jeki, fundi wa magari. Na kama kuna anayesikiliza huku ananung'unika kwamba kazi ile si ya mwanamke, asizime redio. Aongeze sauti, asikie vizuri.

Ufundi aliupata kwa marehemu mume wake. Mume alipofariki, watu walikuja kuuliza kama spana zinauzwa kwa mkupuo au moja moja. Yeye akavaa ovaroli la mume, akakunja mikono ya ovaroli iliyomzidi urefu, akaingia chini ya lori ambalo marehemu alikuwa ameliacha nusu. Alipotoka, lori likawaka. Waliokuja kununua spana wakaanza kuleta magari.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Binti akakua, akaolewa na dereva, akahamia mji mwingine. Mama Jeki akabaki peke yake. Nyumba yake iko nyuma ya gereji, na mlango wa jikoni unafungukia palepale uani, kwenye magari. Jirani yake, fundi cherehani, anasimulia: "Binti alipoondoka, mwenzangu akawa anakula amesimama, sufuria mkononi. Namwambia kaa basi ule kama watu. Ananijibu, nikae na nani?"

Halafu, wasikilizaji, binti akarudi. Alirudi na begi kubwa, na uso ambao haukutaka maswali.

Kilichomrudisha ni hiki. Mume wake alikuwa amekubali kwenda kuendesha magari kwenye machimbo ya mbali, na hakumwambia. Binti alizipata habari hizo saluni, kutoka kwa mke wa dereva mwingine, yeye mwenyewe akiwa na povu kichwani. Hebu fikiria. Saluni nzima inajua mumeo anahama, wewe ndiyo kwanza unasikia.

"Nilimuuliza jioni ile, akaniambia hamna shida," binti anakumbuka. "Kila kitu kwake ni hamna shida. Nikamwambia, kama hamna shida, basi na mimi sipo."

Mama Jeki hakumwambia arudi kwa mumewe. Hakumwambia asirudi. Alitoa begi sebuleni, akalipeleka chumbani, akatandika kitanda. Tangu siku ile jirani akaanza kusikia vicheko juu ya ukuta. Mama na binti wanabishana juu ya chumvi. Mama na binti wanaimba wimbo wa redioni, kila mmoja kwa sauti yake mbovu. Na Mama Jeki akaanza kula amekaa.

Shikeni hilo, wasikilizaji wangu. Nyumba ilikuwa imefufuka, na Mama Jeki alikuwa na furaha ambayo aliionea aibu, kwa sababu ilitokana na huzuni ya mwanawe.

Ndipo mkwe akaja. Alikuja na pikapu yake, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi linakata. Nyuma yake, kuanzia getini, kulikuwa na mchirizi wa oili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na gari au umekuja na kisima?"

"Inadondosha kidogo tu, mama. Hamna shida. Nimekuja kumfuata mwenzangu."

Mlango wa jikoni ukabamizwa hadi vikombe vikalia.

Mama Jeki alijifanya hakusikia. Aliinama, akapitisha kidole chini ya injini, akakinusa. "Sampu," alisema. Sampu, wasikilizaji, ni lile bakuli la chuma lililo chini kabisa ya injini, linalobeba oili. Oili ikiisha humo, injini inajila yenyewe.

"Mwanangu akitaka kuondoka na wewe au asitake, hilo ni lake," Mama Jeki akasema. "Lakini gari hili hapandi mtu. Vua shati hilo."

Sasa, kutoa sampu kwenye pikapu ya namna hiyo si kufungua kifuniko cha sufuria. Difu ya mbele, lile donge zito linalogawa nguvu kwenye magurudumu, limekaa hapohapo chini ya sampu, limeziba njia. Lazima lifunguliwe, lishushwe, lishikiliwe, ndipo sampu ipate pa kupita. Mmoja anashikilia, mwingine anavuta. Ni kazi ya watu wawili, na Mama Jeki hakuwa na msaidizi. Gereji yake ilikuwa na utaratibu mmoja: mwenye gari analala chini pamoja na fundi. Mwalimu alilala. Daktari alilala. Hata askari alivua kofia akalala.

Ila huyu alikuwa mkwe. Mwanaume ambaye, akija ukweni, hunywa chai akikitazama kikombe. Mwanaume asiyethubutu kuomba chumvi mbele ya mama mkwe. Leo aambiwe alale naye bega kwa bega juu ya kadibodi?

"Mama, mimi nitashikilia nikiwa nje."

"Kwa mikono ya twiga? Ingia, baba. Chini ya gari hakuna mkwe. Kuna spana na mwenye kushika spana."

Akavua shati, akaingia.

Mama Jeki alimwaga oili iliyobaki, akafungua bamba la chini, akaweka jeki chini ya difu. Mkwe akaikumbatia difu kwa mikono miwili, taratibu ikashuka. Kisha mama akapitisha taa kwenye ukingo wa sampu. Ukingo wote ulikuwa umepakwa silikoni, ile gundi ya kuzibia, tabaka juu ya tabaka, nyingine nyeusi, nyingine nyekundu, nyingine ya kijivu, kama keki iliyopambwa na mlevi.

"Nani kapaka uchafu huu?"

"Mimi, mama. Kila ikivuja napaka."

"Kwa nje?"

"Kwa nje."

"Hukuwahi kuifungua uone ndani?"

"Niliona kama... hamna shida."

"Nikisikia hilo neno lako tena," Mama Jeki akasema, "natoa jeki hii, difu ikuangukie kifuani."

Mkwe akacheka. Hakutaka, lakini akacheka, na difu ikatetemeka mikononi mwake. Chini ya gari watu hawatazamani. Kila mmoja anatazama chuma kilicho juu yake. Na labda ndiyo sababu yule kijana, huku mama akilegeza bolti moja baada ya nyingine, alianza kuzungumza.

"Bosi alisema madereva watapunguzwa, mama. Anayekwenda machimboni anabaki kazini. Nilikubali palepale."

"Kwa nini hukumwambia mkeo?"

"Niliogopa angesema nisiende."

"Angesema?"

"Angesema."

"Basi ulijua anachotaka, ukamnyima nafasi ya kukitamka. Shikilia difu."

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. "Nilikuwa naosha vyombo," binti anasema sasa, akitabasamu katikati ya msiba. "Vilikuwa vimeshaoshwa. Niliviosha tena."

Bolti zilipokwisha, mkwe aliiacha difu juu ya jeki, akataka kuibandua sampu kwa bisibisi. Mama Jeki alimpiga kofi mkononi. "Ukingo ukipinda hapa, kazi yote bure." Akaigonga pembeni kwa nyundo ya mpira, hapa kidogo, pale kidogo, akapitisha kisu chembamba kwenye ule ufa, hadi sampu ikaachia. Wakaizungusha ipite juu ya difu, wakaitoa kwenye mwanga.

Ilikuwa nzima. Haikuwa na tundu wala mkunjo. Ilihitaji kukwanguliwa tu, isafishwe na ifungwe upya.

Hapo, wasikilizaji wapendwa, Mama Jeki alikaa chini juu ya tairi kuukuu, sampu mapajani, na akajaribiwa. Alikuja kumwambia jirani yake jambo hili baadaye, na jirani amenipa ruhusa niliseme. Angeweza kusema sampu imekufa. Angeweza kusema mpya inaagizwa, na kuagiza kunachukua muda. Mkwe angerudi kwao kwa basi. Binti angebaki. Nani angebisha? "Uongo ulikuwa mdomoni mwangu," alimwambia jirani, "mtamu kama pipi. Nilikuwa naunyonya."

Akaitema pipi ile. Akaanza kukwangua.

Alikwangua hadi ukingo ukang'aa. Akapaka silikoni mpya, uzi mmoja mwembamba, safari hii kwa ndani. Wakaipandisha sampu, naye akarudisha kila bolti kwa vidole kwanza, ndipo akakaza kwa spana, kutoka katikati kwenda pembeni, hapa kidogo, kule kidogo, ili sampu ikae sawa. Difu ikarudi mahali pake.

"Sasa inalala," akasema. "Oili hatutii hadi kesho, silikoni ikauke. Na wewe utalala sebuleni."

Jioni hiyo walikula watatu. Mkwe alikitazama kikombe chake kama kawaida, lakini kucha zake zilikuwa nyeusi kwa grisi, na binti aliziona.

Asubuhi Mama Jeki akatia oili, akawasha injini, akaiacha iungurume. Alitandaza kadibodi safi chini ya sampu, akajilaza kando yake na taa. Binti na mumewe wakasimama nje wakisubiri. Waliona miguu ya mama tu, na viatu vyake vya kazi.

Kadibodi ilikuwa kavu. Aliitazama. Akapitisha kidole ukingo wote, na kidole kikatoka kikavu. Akaendelea kulala palepale, injini ikiunguruma juu yake, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Mama," binti akainama. "Inavuja?"

Mama Jeki akapitisha kidole tena kwenye ukingo uleule mkavu.

"Mama?"

"Haivuji," Mama Jeki akasema. "Haivuji, mwanangu. Iko salama."

Alipotoka chini ya gari alijifuta uso kwa kitambaa cha grisi, akasema moshi umemuingia machoni. Hakuna aliyebisha.

Mkwe hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimgeukia mkewe mbele ya mama mkwe, hadharani. "Kazi ya machimboni niliikubali bila kukuuliza. Nakuuliza leo. Unasemaje?"

"Nasema hapana."

"Nikikataa huenda nikafukuzwa."

"Najua. Tutafukuzwa wote wawili. Lakini tutakuwa tumefukuzwa tunajua."

Akampigia bosi palepale uani, akamwambia haendi machimboni. Binti alisikiliza hadi simu ikakatwa, ndipo akaingia ndani kuchukua begi lake. Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Leo naendesha mimi."

"Hamna..." mkwe akaanza, akamwona mama ameishika nyundo ya mpira. "Sawa, mke wangu."

Pikapu ikatoka getini, na nyuma yake ardhi ikabaki kavu.

Jirani, fundi cherehani, anasema Mama Jeki alivuka kwake mchana ule, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani. "Nikamuuliza, gari limepona? Akasema limepona. Nikamuuliza, na wewe? Akanitazama, akasema, mimi siyo gari."

Kisha akaomba apewe vifungo vya kushona, akashona hadi giza likaingia.

Wasikilizaji wapendwa, Mama Jeki ametutoka nyumbani kwake, baada ya kuugua, binti yake amemshika mkono huu, mkwe wake amemshika mkono ule. Mkwe yule aliniambia maneno machache, kwa shida: "Kwetu nilizaliwa na mama mmoja. Wa pili nilimpata chini ya pikapu."

Kwa binti, kwa mkwe, kwa jirani aliyemwita mwenzangu, na kwa wote waliowahi kulala juu ya kadibodi ya gereji ile, poleni sana. Mungu awape nguvu. Amlaze mama yetu mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, usiende bado. Fundi huyu alikuwa na neno moja tu la kumbakisha mtu aliyempenda, na halikuwa la kweli. Hakulisema. Yupo mtu ambaye wewe pia hutaki aondoke. Akiinama leo akuulize kama njia yake ni salama, na unajua kwamba ni salama, utamjibu nini?