Mipira ya Gofu Ndani ya Chungu Changu cha Maji

Mwaka ninaousema ni ule wa ugali wa manjano. Nyinyi mliokuwa watu wazima mnaukumbuka: unga wa mahindi ya Amerika, ukiusonga unanuka gunia, ukiuweka mbele ya watoto wanauliza kama ni wa punda. Tuliula na mboga ya mrenda siku nyingi, na samaki siku chache, kwa sababu ziwa lilikuwa limepanda na samaki waliogelea palepale tulipokuwa tukiwaanika. Ndio mwaka nilioanza kuosha mipira ya gofu. Nikiitaja kazi hiyo hata leo mate yananijaa mdomoni, na si ya hamu. Ni ya kutema.

Asanteni kwa kuninyamazia, akina mama wa kikundi. Shule mimi niliiona mlango tu, kwa hivyo nitasema kama nasemea jikoni. Jina la mtu sitaji. Atakayejiona, ajione.

Nyumba yangu ilikuwa ufukoni. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa, na mimi nilikausha samaki kwa moshi, samaki wangu walijulikana mpaka Kisian. Ziwa halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni asiyetaka kuaga, leo limegusa kichanja, kesho limegusa choo. Choo kikiingia ziwani na ziwa likiingia chumbani, sina haja ya kuwaeleza nilikanyaga nini nikishuka kitandani. Nilitoka na vitu viwili vya maana. Mgongoni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa marehemu binti yangu. Kichwani dapi ya mama yangu, chungu cha maji ya kunywa, kile cheusi chenye shingo, ambacho maji yake ni baridi hata jua likiwaka. Nikapanga chumba mjini, mtaa wa Manyatta.

Sasa huyo mtoto ndiye habari yenyewe. Kwa desturi yetu yeye ni wa kwa baba yake, huko Pap Onditi. Nyanya yake wa huko, mama aliyemzaa mkwe wangu, alikuwa ameniachia kwa sharti. Aliniambia, "Mama, kaa naye, akupoze uchungu. Lakini nikisikia anaishi ovyo nitakuja kumchukua, na wewe hutanifuata." Nikakubali. Ningekataaje? Mtoto alikuwa na macho ya binti yangu.

Nikiwa Manyatta bila kichanja, bila samaki, akaja bwana mmoja. Alikuwa akiwabebea wachezaji mifuko yao ya vyuma vya kupigia mipira kule uwanja wa gofu. Maji yalikuwa yameufunika upande wa chini wa uwanja, na mipira ya wakubwa ilikuwa ikianguka kwenye tope la mafunjo, mingine kwenye mtaro unaotoa uchafu wa mjini. Yeye aliiokota. Alitafuta mwanamke wa kuirudisha iwe kama mipya, ili awauzie tena walewale walioipoteza.

Akina mama, nawaambia hivi: mimi nimetumbua matumbo ya samaki tangu nikiwa msichana na sijawahi kuziba pua. Gunia la kwanza la bwana yule nililizibia pua kwa leso na bado nikatapika. Mipira ilikuwa na ute wa kijani, inateleza kama jicho la ng'ombe. Mpira uliokatwa na chuma unapasuka kama mdomo, na ndani ya mdomo ule tope limeoza, na ndani ya tope kuna vijidudu vyekundu vinajinyonganyonga. Nilivitoa kwa mwiba. Halafu nililoweka mipira kwenye maji ya magadi, nikasugua kwa gunzi la mahindi, nikapiga msasa, nikaziba mipasuko kwa nta. Bwana aliniambia niache nta, nizibe kwa sabuni, nipake rangi juu, nani ataona? Nilimwangalia kama ninavyoangalia samaki wa juzi.

Rangi ilikuwa ya mafuta, nyeupe. Unaitia kiganjani, unauzungusha mpira kati ya mikono miwili kama unafinyanga tonge, mpaka uvae rangi kote. Rangi ile haikutoka mikononi mwangu. Majirani walinicheka kisimani, wakasema mikono imekwenda Ulaya, uso umebaki Nyanza. Nilicheka nao, lakini jioni nilikula ugali wa manjano kwa mkono mweupe, na nilihisi ninakula kwa mkono wa maiti.

Tena nilifanya ujinga wa muuza samaki. Mipira ya kwanza niliikausha kama nilivyojua kukausha: niliipanga juu ya wavu, chini nikawasha moshi. Ikatoka ya rangi ya chai, inanuka samaki ngege wa kubanikwa. Bwana aliiuza hivyohivyo, jambazi yule. Nasikia mzungu mmoja aliupiga mpira, mbwa wake akaukimbilia, akaubeba mpaka vichakani akautafuna. Mkicheka chekeni, hata mimi nacheka. Baada ya hapo nilijifunza: ubao, misumari mitatu mitatu imesimama, mpira unakaa juu ya ncha zake kivulini, upepo unaufanyia kazi. Ulitoka mweupe kama yai.

Kazi ikawa nzuri, na bwana akaanza kujisogeza. Kwanza aliacha gunia langu mlangoni. Halafu gunia likaingia ndani. Halafu mkebe wa rangi ukakaa chini ya kitanda, nikalala nikivuta harufu yake. Siku moja nikarudi kutoka kisimani nikakuta koti lake kwenye msumari wa ukutani. Wengine hapa mmetoka kwenu kwa Wakikuyu, huenda hamjui: kwetu, koti la mwanamume likining'inia kwa nyumba ya mjane, watu hawaulizi tena. Wamekwisha jibiwa. Na koti lenyewe! Kola ilikuwa na mafuta ya shingo unayoweza kukwangua kwa kisu, mfukoni tumbaku ya kutafuna imeloa. Nililichukua kwa kijiti nikalitoa nje. Kesho yake likarudi. Nikatoa, likarudi. Aliniambia taratibu, akichokonoa meno, kwamba mwanamke anayekula kwa kazi ya mtu asimchagulie mtu ukuta wa kutundikia koti. Nikanyamaza. Kazi nyingine sikuwa nayo.

Basi ikaja siku yenyewe. Kulikuwa na mashindano pale uwanjani na bwana alitaka mipira upesi. Nilikuwa nimekwenda na mtoto kununua magadi. Niliporudi nikamkuta mama wa Pap Onditi amesimama mlangoni, amevaa vizuri, amebeba kuku. Alikuwa amekuja kumwona mjukuu wetu. Nikamkaribisha kwa heshima zote, nikampa kiti, nikaona macho yake yamepanda ukutani. Koti lilikuwepo. Aliomba maji ya kunywa.

Nikafurahi. Nilijua nyumba ni ya kupanga, kitanda kimelegea, lakini maji ya dapi yangu hayana mpinzani. Nikachukua kata, nikazamisha. Ikagonga kitu. Nikainua, na mbele ya mama yule kata ikapanda na mpira wa gofu, na juu ya mpira ruba amejikunja, mweusi, amenona. Maji yalikuwa ya kijani. Bwana alikuwa amekosa pa kulowekea gunia la mtaroni, akalimimina ndani ya chungu cha mama yangu, akaenda zake.

Mama yule alisimama. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Alisema, "Hapa mtoto wetu anakunywa nini?" Akamshika mtoto mkono, akaacha kuku, akatoka. Mtoto aligeuka akaniangalia mpaka kona. Mimi sikufuata, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana.

Nilikaa chini na ile kata. Nimefiwa na mume, nimefiwa na binti, ziwa limenilia nyumba, lakini siku ile ndiyo niliyoanguka. Nilijinusa nikanuka mtaro. Alipokuja bwana kuuliza mipira iko wapi, hata hakuvua kofia. Aliuliza nimenunia nini, akasema chungu si kinaoshwa?

Hapo nikasimama. Nikamwambia, "Sitaki. Beba uchafu wako utoke, nyumba hii ina wenyewe." Akacheka. Nikainua dapi ya mama yangu na maji yake yote na maruba yake, nikammwagia miguuni, nikamtupia koti juu yake. Mipira ilibingirika mpaka barabarani, na yeye akaifuata ameinama, anaokota, watu wa Manyatta wote wanamtazama. Hakurudi.

Sasa sikilizeni aliyeninyanyua. Jirani yangu alikuwa mama Mkikuyu, muuza viazi, na kabla ya siku ile tulisalimiana kwa kichwa tu. Alikuja bila kuitwa. Hakunipa pole. Alileta pipa lake la kuwekea viazi akaliweka uani, mbali na mlango, akasema, "Mama, uchafu wa kazi ukae na kazi." Tukasugua dapi pamoja kwa mchanga, tukaichoma kwa moto wa kuni kama chungu kipya, tukatupa maji ya kwanza, na ya pili, mpaka akili yangu ilipotulia. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi nilikuwa sijajiuliza: hao wanaocheza, je, wanakatazwa kununua kwako?

Nikaenda mwenyewe kwenye lile tope, sketi nimeifunga juu ya magoti, maruba nikiyatoa miguuni kwa chumvi. Chukizo halikuisha, msidanganywe. Lakini lilikuwa langu na lilibaki uani. Nikaketi karibu na lango la uwanja na karai la mipira myeupe. Mhindi mmoja mzee alichukua mmoja akaunusa kwanza. Kumbe hadithi ya mbwa ilikuwa imefika. Akanunua, akarudi, akaleta wenzake.

Mvua nyingine ilipokwisha nikatuma ujumbe Pap Onditi, kwamba naomba mama aje anywe maji. Akaja. Aliangalia ukuta kwanza: msumari nilikuwa nimeung'oa. Akachungulia dapi mwenyewe, akachota mwenyewe, akanywa. Halafu akachota tena. Safari iliyofuata alikuja na mtoto, na nguo zake zote kwenye kifurushi. Leo mjukuu huyo anasomea ualimu, na mimi najisifu hapa mbele yenu bila haya, ndiyo, mimi.

Namshukuru mama wa viazi, ameketi pale nyuma anajificha kwa leso. Namshukuru mama wa Pap Onditi aliyeniamini mara ya pili. Nawashukuru nyinyi niliowafundisha kuzungusha rangi kiganjani na ambao tumejenga pamoja hiki chumba cha kikundi, kina mlango wetu na dapi yetu pale pembeni. Funzo langu ni dogo: kazi chafu haimchafui mtu, ila angalieni anayeiingiza ndani hatua kwa hatua mkiwa mmenyamaza. Mimi nilinyamaza kwa koti, nikalipwa kwa chungu.

Na nimesimama leo kwa sababu mnajua nani alikuja hapa juma lililopita. Nywele zimekuwa nyeupe, viatu vinang'aa. Amewaambia ana soko mpaka Nakuru, atakuwa mkubwa wetu wa mauzo, ila magunia yake yalale humu ndani kidogo tu. Nimeona baadhi yenu mmeitikia kwa kichwa. Nimeona pia, alipotoka, alichosahau kwenye kiti kile pale. Geukeni mkione. Ni koti.

Ametuma neno kwamba atalirudia leo jioni. Mniache mimi nimfungulie mlango. Maneno ninayo tayari, ni yaleyale, hayajaoza:

"Sitaki. Beba uchafu wako utoke, nyumba hii ina wenyewe."